Mbuzi Nambari Arubaini na Moja

Kazi yangu ni kukaa kwenye kiti cha plastiki,
chumba cha pili, karibu na kiyoyozi,
niwaambie wageni: usiguse.
Kwa Kiarabu nasema kwa adabu,
kwa Kiingereza nasema kwa kidole.
Kiswahili nakiacha garini
kinaiva kwa jua hadi saa nane.

Nyumba hii ya udongo, hapa Ibra,
ilijengwa kwa karafuu. Kibao cha ukutani hakilitaji hilo,
wala hakitaji nani aliyezichuma.
Kinasema mfanyabiashara, kinasema milango, kinasema mwaka,
kisha kinanyamaza
pale pale mama yangu anapoanzia.

Kwenye mzunguko wa kuingilia mji wamesimamisha dele la saruji,
refu kuliko msikiti wa mtaani kwetu.
Mama kila tukipita:
"Dele lote hilo, na hakuna wa kukumiminia hata funda."

Basi Jumanne moja vikaletwa vitu vipya:
bakora, upatu wa shaba, sanduku la njumu,
na kwenye kioo cha kona, chini ya taa yake peke yake,
mbuzi.
Ubao umeingia ndani kidogo, pale makalio ya watu yalipokaa miaka.
Ulimi wa chuma. Meno kumi na moja, nimeyahesabu,
na pengo.
*41. Kigoda cha safari. Matumizi ya chuma hayajulikani.*

Hayajulikani!
Mimi usingizi wangu wote wa utotoni
umelazwa na matumizi hayo,
kwaru, kwaru, jikoni kwa bibi yangu Zeyana,
nazi za Salala, ghali, nusu zimeshakauka njiani,
naye anazikuna vilevile, huku anazitukana:
tui la kwanza, tui la pili,
chicha kwa kuku.

Wakaja watoto wa shule.
Mmoja, Ghaliya, kaunganisha pua na kioo:
"Hiki nini?"
Mwalimu akamsomea kibao. Hakushiba.
Nikainuka. Nikakunja baibui,
nikakaa juu ya mbuzi isiyokuwapo,
nikashika kifuu kisichokuwapo,
nikakuna.
Watoto ishirini na watatu wakachutama, wakakuna hewa,
na mwalimu naye, mkoba bado begani.

Bwana Mundhir, mkubwa wetu, akatoka na kalamu.
"Kinaitwaje?"
"Mbuzi."
Akaandika. Ni mtu mwangalifu;
nadhani usiku ule alifungua kamusi.
Wiki ya pili kibao kipya, lugha mbili,
na hakuna hata moja kati yao iliyowahi kuketi pale:
*Mbuzi wa mti. Sanamu ya mnyama, Afrika ya Mashariki.*

Nilimpigia mama. Nilikuwa nacheka, yeye hakucheka.
"Ana pembe?"
"Hana, mama."
"Basi mwambie. Si mbuzi wa. Ni mbuzi ya."

Nitamwambiaje?
Mtu ana shahada mbili, ukutani kwake, zimetiwa fremu.
Nimweleze vipi kwamba jiko zima la kwetu
limening'inia kwenye silabi moja,
kwamba *wa* hula majani
na *ya* hula nazi,
na anayekosea hapo
atalala njaa akiwa na kitoweo mkononi?

Alhamisi mama akaja mwenyewe, kwa tiketi, kama mgeni.
Hakutazama sanduku. Hakutazama upatu.
Akaenda moja kwa moja kwenye kona,
akaweka kiganja juu ya kioo, vidole vyote vitano.

Kazi yangu ni kusema usiguse.
Nikakitazama kiyoyozi.

Akainama, akafinya jicho, akakagua meno
moja baada ya jingine, kama daktari.
"Butu," akasema, kwa sauti, kwa Kiswahili, chumba kizima kikageuka.
"Mwambie bwana wako ailete nyumbani.
Baba yako ana tupa."